Waacheni Watoto Wahangaike na 91

Kuna kauli inayosikika katika vikao vya wazazi, katika ofisi za walimu na katika semina za elimu mkoani Pwani, nayo husemwa kwa upole kana kwamba ni huruma: watoto wa shule za kata ni dhaifu katika Hisabati, basi wasisumbuliwe na maswali ya "kwa nini". Wapewe kanuni, waikariri, wafanyishwe mitihani iliyopita mpaka mkono uzoee, wavuke. Kuchunguza, kubishana, kujaribu na kukosea, hayo waachiwe wanaosoma shule za ada kubwa, zenye madarasa madogo na walimu wenye nafasi ya kupumua. Kwa mtoto wa Kerege, wilayani Bagamoyo, wanasema, ni anasa.

Napinga kauli hiyo yote, na huruma yake pia. Naipinga zaidi inapofikishwa kwenye mada ya mwanzo mwanzo ya kidato cha kwanza, ile ya vigawo, vigawe na namba tasa. Hapo ndipo madhara ya kukariri yanapopandwa, na hapo ndipo kuyazuia kunapokuwa na gharama ndogo kuliko mahali pengine popote katika muhtasari wa Hisabati.

Watetezi wa kukariri hupenda kujikinga kwa matokeo, basi tuyatazame matokeo. Katika mtihani wa kidato cha nne, Hisabati ndilo somo linalowaangusha watoto wetu kupita kiasi. Kwa miaka mingi sasa wanaofaulu wamekuwa wakielea kati ya moja ya tano na robo ya watahiniwa nchi nzima. Nani atasema kwamba hali hiyo imeletwa na uchunguzi? Ni lini tuliwaacha watoto wa nchi hii wachunguze namba, tukaona wameshindwa, tukarudi nyuma? Mtaala wa mwaka 2005 uliagiza ufundishaji unaojenga umahiri, mwanafunzi awe mtendaji. Madarasani tukabaki na ubao, kanuni, mfano mmoja na zoezi la kufanyia nyumbani. Kwa hiyo wanaotuambia tuongeze kukariri wanatuambia tuongeze dozi ya kile kile ambacho mgonjwa amekuwa akinywa tangu zamani bila kupona.

Angalieni mada hii inavyopita katika madarasa mengi. Mwalimu anaandika maana ya namba tasa: namba yenye vigawo viwili tu, moja na yenyewe. Anaorodhesha 2, 3, 5, 7, 11, 13, anaweka nukta tatu. Wanafunzi wananakili. Inafuata njia ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS), na ya kigawo kikubwa cha shirika (KKS), kila moja na ngazi yake ya kugawanya. Baada ya vipindi vichache wanahamia namba kamili hasi na chanya. Mwalimu hana kosa la uvivu hapo. Ana muhtasari wa kumaliza na ana mkaguzi wa kumjibu. Lakini ulizeni darasa hilo swali moja ambalo halikuwepo ubaoni: je, 91 ni namba tasa?

Wengi watajibu ndiyo, na kwa yakini. Si shufwa, haiishii na 5, tarakimu zake zikijumlishwa hazigawanyiki kwa 3, na haimo katika jedwali la kuzidisha walilolikariri shule ya msingi, ambalo huishia 12 mara 12. Kwa mtoto aliyekariri, kisichokuwemo kwenye jedwali hakipo. Kumbe 91 ni 7 mara 13. Ndivyo ilivyo kwa 51, ambayo ni 3 mara 17, na 57, ambayo ni 3 mara 19, na 87, ambayo ni 3 mara 29. Mtoto huyu hakukosa akili. Alifundishwa kwamba kujua ni kukumbuka, akakumbuka vizuri, na kumbukumbu yake ikamdanganya.

Sasa wekeni mbele ya mtoto huyo huyo korosho. Kerege haina uhaba wa korosho, na msimu ukipita kuna kokoto, vizibo vya soda, punje za mahindi. Mwambieni apange 12 ziwe safu zilizolingana, kwa kila namna anayoweza. Atapata safu moja ya 12, mbili za 6, tatu za 4. Aongeze moja ziwe 13, ajaribu tena. Hazikubali. Ni mstari mmoja mrefu, basi. Hapo mtoto ameifahamu namba tasa kwa mikono yake kabla hajapewa jina lake, na tofauti kati ya 12 na 13 haitamtoka hadi uzeeni. Mpeni 36. Atapanga safu moja, mbili, tatu, nne, kisha sita za sita, na mmoja katika kikundi atauliza mbona hii imekuwa mraba, na mbona vigawo vyake ni 9 ilhali vya namba nyingine vinakwenda viwili viwili. Nimeliona swali hilo likizuka bila mwalimu kulichokoza. Jibu lake ni kwamba kila kigawo kina mwenzake wa kuzidishwa naye, isipokuwa 6, ambayo mwenzake ni yenyewe. Mtoto wa miaka 14 anaweza kulifikia jibu hilo peke yake. Akishalifikia, amethibitisha jambo linalohusu namba zote za mraba duniani, na hakuna aliyemkaririsha.

Hoja kubwa ya wapinzani wangu ni msongamano. Darasa lina watoto sabini, themanini, wengine wamebanana watatu dawati moja. Uchunguzi gani utafanyika humo? Nauheshimu ugumu huo. Shule za kata zilijengwa kwa kasi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, na ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016 milango ilifunguka zaidi. Walimu wa Hisabati hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Lakini katika mada hii wingi wa watoto ni nguvu, nami nitaonyesha namna.

Eratosthenes alizaliwa Kurene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, akawa msimamizi wa maktaba ya Aleksandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Jina lake limebaki kwenye chekeche la namba. Andika 1 hadi 100. Iache 1 pembeni. Zungushia 2, kata vigawe vyake vyote, zungushia 3, kata vyake, kisha 5, kisha 7. Zinazobaki bila kukatwa ni tasa, nazo ni 25. Kila kitabu kina zoezi hili, na kwa kawaida hufanywa kama kazi ya kupaka rangi, likaisha. Utamu wake uko katika kusimama na kuuliza. Ukifika kwenye 7, unakuta 14 imekwishakatwa, 21 imekatwa, 28, 35, 42 zote zimekatwa. Ya kwanza ambayo bado iko hai ni 49. Kwa nini ni 49 hasa? Kwa sababu 7 mara namba yoyote ndogo kuliko 7 imekwishachukuliwa na hao wadogo. Kwa hiyo 7 inakata namba tatu mpya tu katika mia nzima: 49, 77 na 91. Hiyo hapo 91. Mtoto aliyeikata kwa mkono wake baada ya kuitafuta hatadanganyika nayo tena. Na 11 je? Ya kwanza iliyo yake peke yake ni 11 mara 11, yaani 121, imeshatoka nje ya jedwali. Basi hapo unaruhusiwa kusimama, na unajua kwa nini unaruhusiwa. Kanuni ile ya kwamba ujaribu vigawo mpaka kipeuo cha pili cha namba, ambayo huandikwa ubaoni kama amri, imezaliwa darasani kama jambo la dhahiri.

Na watoto themanini? Wagawe vikundi kumi vya wanane. Kikundi cha kwanza kichekeche 1 hadi 100, cha pili 101 hadi 200, na kuendelea hadi 1000. Mtoto mmoja akipewa kazi hiyo atachoka na kukosea. Kundi kubwa linaimaliza, na vikundi vinasahihishana. Hesabu zao zikiandikwa ubaoni zitasomeka hivi: 25, 21, 16, 16, 17, 14, 16, 14, 15, 14. Jumla 168. Subirini muone kitakachotokea mbele ya safu hiyo. Zinapungua, mmoja atasema. Mwingine atapinga: mbona hapa zimepanda kutoka 16 hadi 17? Watabishana, na ubishi huo ni wa heshima kubwa. Carl Friedrich Gauss, mtoto wa familia ya hali ya chini huko Brunswick, Ujerumani, alikuwa na miaka kama 15 alipoanza kuhesabu namba tasa kwa mafungu na kutazama zinavyopungua. Akaona mpangilio ambao wanahisabati walikuja kuuthibitisha mwaka 1896, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Umri wa kidato cha pili. Hakukaririshwa kwanza akasubiri awe profesa ndipo aruhusiwe kushangaa.

Kisha litakuja swali ambalo haliepukiki: kama zinapungua, kuna mahali zinaisha? Yukilidi alilijibu Aleksandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na jibu lake linaingia katika kichwa cha kidato cha kwanza bila kupindishwa. Chukua namba tasa zote unazodhani ndizo pekee, zizidishe, ongeza 1. Ukichukua 2, 3 na 5 unapata 31. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoigawa 31, kwa maana kila moja itabakisha 1. Basi ipo namba tasa ambayo hukuwa nayo. Orodha yoyote uliyo nayo, haijatimia. Nasisitiza hapa, maana hata wanaoipenda hoja hii huiharibu: namba mpya si lazima iwe tasa yenyewe. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ongeza 1, utapata 30031, ambayo ni 59 mara 509. Lakini 59 na 509 hazikuwemo katika orodha, na hoja imesimama.

Mpinzani atasema: yote hayo ni mazuri, lakini mtihani wa taifa hautauliza hoja ya Yukilidi. Kweli. Utauliza kurahisisha kipeuo cha pili cha 72, na mtoto anayeiona 72 kama 36 mara 2 ataandika jibu bila kutoka jasho. Utampa logi ya 2 na logi ya 3 umtake logi ya 72, na asiyejua kwamba 72 ni 2 mara 2 mara 2 mara 3 mara 3 hana pa kuanzia. Utampa sehemu ajumlishe. Utampa uwiano aupunguze. Utampa milinganyo ya kwadratiki, na hapo mauti hutokea kwa maelfu. Mfano: x² + 20x + 91 = 0. Anatakiwa kupata namba mbili zinazozidishwa kuwa 91 na kujumlishwa kuwa 20. Anayeamini 91 ni tasa ana jozi moja tu, 1 na 91, nayo haimpi 20. Ataandika kwamba haina vigawo, au atakimbilia fomula ndefu na kupotelea njiani. Aliyeikata 91 kwenye jedwali lake anaiona 7 na 13 zikimtazama. Nusu ya aljebra ya sekondari imejengwa juu ya mada hii ambayo sisi tunaipitisha mbio ili tupate muda wa kufundisha aljebra.

Hapo ndipo hesabu ya muda ya wapinzani wangu inapovunjika. Wanahesabu wiki mbili zilizotumika kwa korosho na chekeche kuwa hasara. Hawahesabu miezi ya kidato cha tatu na cha nne inayotumika kumfundisha upya mtoto kujumlisha sehemu, kambi za mitihani ambazo wazazi huchangishwa chakula na posho, tuisheni za Jumamosi. Yote hayo ni deni la wiki mbili zile, na linalipwa kwa riba.

Lipo jambo jingine linalosemwa kwa sauti ya chini zaidi, nami nitalisema kwa sauti. Wanasema watoto wa Pwani hawana kichwa cha hesabu. Wazazi wao ni watu wa ngoma, bahari na minazi, elimu wameipa kisogo. Nimewasikia wasomi wakisema hivyo bila haya. Hao hawajui pwani imehesabu nini.

Chukueni mirathi. Mtu amefariki Bagamoyo, ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Sharia ya Kiislamu inampa mke thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto, inampa mama sudusi, yaani moja ya sita, na kinachobaki ni cha watoto: wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Sheikh anayegawa haanzi na shilingi. Anaanza kutafuta namba ndogo kuliko zote inayokubali kugawanywa kwa 8 na kwa 6, nayo ni 24. Hiyo ni KDS, haina jina jingine la kihisabati. Mke apate 3, mama 4, zibaki 17. Hapa mambo yanakuwa mazito, maana watoto wanahitaji mafungu matatu na 17 ni tasa, 3 haiingii. Basi shina zima la mgawo, yaani ile 24, linazidishwa kwa 3, linakuwa 72. Mke 9, mama 12, mtoto wa kiume 34, wa kike 17. Jumlisheni, inatimia. Wangekuwa watoto wa kiume wawili tu, shina lingezidishwa kwa 2, liwe 48. Na kama baba wa marehemu naye yupo, naye ana sudusi yake, kinachobaki katika 24 ni 13. Tasa tena. Mpeni mwanafunzi kazi ya kutafuta ni familia zipi zinazogawanyika katika 24 bila kuzidisha shina na zipi hazigawanyiki, na kwa nini. Atakuwa anachunguza vigawo, vigawe na namba tasa kwa pamoja, katika jambo ambalo likikosewa ndugu huacha kusalimiana. Elimu hii imefundishwa katika vyuo vya Qur'ani na barazani kwa mashekhe kwa karne nyingi, na Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 ndicho kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za mirathi. Mtoto wa Bagamoyo anakuja shuleni kutoka katika utamaduni huu. Kumwambia hana kichwa cha hesabu ni kumdhulumu.

Naweza kuongeza. Bao la kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Rupia ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa Bagamoyo kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, iligawanywa katika pesa 64 hadi mwaka 1904, ndipo ikawekwa heller 100. Waulizeni wanafunzi ni ipi bora kwa mchuuzi asiye na mashine ya kukokotoa. Ile 64 unaikata nusu mara sita mpaka ufike 1. 100 unaikata nusu mara mbili tu, unakwama kwenye 25. Thumuni ya rupia ilikuwa pesa 8 kamili. Kwa heller ni 12 na nusu. Lakini 100 ina 5 ndani yake, na 64 haina. Kila namba ina jambo inaloliruhusu na jambo inalolikataa, na vigawo vyake ndivyo vinavyoamua. Ndiyo maana kanga huuzwa kwa korija ya 20 na bidhaa nyingine kwa dazeni ya 12, na sijaona duka linalofunga vitu kwa 13.

Wala si mambo ya kale tu. Kerege ya leo, kandokando ya barabara ya Bagamoyo, inakatwa viwanja kila uchao. Kwa mazoea ya madalali heka moja huhesabiwa mita 70 kwa 70, na kiwanja kinachotafutwa zaidi ni 20 kwa 20. Lakini 20 si kigawo cha 70. Zinaingia tatu kila upande, viwanja tisa, na pande mbili unabaki ukanda wa mita 10. Eneo lililobaki ni mita za mraba 1300, zaidi ya viwanja vitatu, na halitoi hata kiwanja kimoja cha umbo lile. Barabara zinahitaji nafasi, najua; ila ukanda huo haupiti pale barabara inapohitajika, unaning'inia pembeni. Mtoto anayejua vigawo vya 70 kuwa 1, 2, 5, 7, 10, 14, 35 na 70 ataona kwamba viwanja vya 35 kwa 14 vinatoka kumi kamili. Baba yake akiuza shamba la korosho la ukoo, nataka mtoto huyo awe amesimama pale na kalamu.

Baada ya kusema hayo, nataka pia kuachana na baadhi ya watu walio upande wangu. Wapo wanaotaka namba tasa zipendwe kwa sababu ya siri za mtandao. Ni kweli kwamba njia ya Rivest, Shamir na Adleman, iliyobuniwa mwaka 1977, inalinda mawasiliano kwa sababu ni rahisi kuzidisha namba tasa mbili kubwa na ni vigumu mno kuzirudisha zilikotoka. Semeni hivyo darasani, ni habari nzuri. Lakini mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuijaribu kwa ukubwa wake halisi, na mkiifanya ndiyo sababu ya kujifunza mtakuwa mmemrudisha kwenye kuamini asichokiona.

Wapo pia wanaoleta mfupa wa Ishango. Jean de Heinzelin aliupata mwaka 1950 ufukweni mwa Ziwa Edward, mashariki mwa Kongo. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 20,000, na sasa umehifadhiwa Brussels. Safu yake moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19, tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Basi, wanasema, babu zetu walizijua namba tasa. Nalipenda bara hili vya kutosha kukataa kulipamba kwa tusichoweza kukithibitisha. Safu nyingine ya mfupa huo huo ina 9, 19, 21 na 11. Hakuna mahali panapoonyesha kugawanya. Upelekeni mfupa darasani, lakini kama swali: kungehitajika ushahidi gani ili tuamini kwamba aliyechonga alijua? Mtoto aliyepanga korosho 13 akaona hazikubali atakuwa na la kusema, kwani anajua kwamba kuijua namba tasa ni kuwa umejaribu kuigawa.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Mtoto anatoka darasa la saba anajua KDS na KKS kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta jambo hilo hilo kwa Kiingereza, na kwa wiki kadhaa anadhani ni somo geni. Katika kazi ya vikundi waacheni wabishane kwa Kiswahili, kisha waandike walichopata kwa lugha ya mtihani. Hoja haiundwi kwa maneno ambayo mtu bado anayatafuta.

Ninachodai hakihitaji bajeti ya wilaya. Januari, kidato cha kwanza kikiingia, mkuu wa shule ampe mwalimu wa Hisabati wiki mbili kwa mada hii bila kuulizwa amefika ukurasa wa ngapi. Wiki ya kwanza iwe ya kupanga korosho na kete, ya pili iwe ya chekeche hadi 1000 na ugawaji wa mirathi. Maana ya namba tasa iandikwe ubaoni mwishoni, na waiandike wanafunzi wenyewe, pamoja na sababu yao ya kuitoa 1 nje. Watahitaji sababu hiyo, kwani 1 ikiruhusiwa kuwa tasa, 12 itaandikwa 2 mara 2 mara 3, na pia 1 mara 2 mara 2 mara 3, na kuendelea bila mwisho, na kila namba itapoteza njia yake moja ya kuvunjwa. Wizara imeanza kutekeleza mtaala ulioboreshwa kwa kidato cha kwanza tangu Januari 2024. Hakuna wakati bora wa kuanza.

Na anayeamini bado kwamba kukariri ndiko kunakookoa, namwomba tulipime jambo hili pamoja. Tuchukue darasa lililokaririshwa na darasa lililochunguza, katika shule mbili za kata zenye msongamano ule ule, tuyape namba 221 na tuulize kama ni tasa. Asiyejua atajaribu 2, 3 na 5, pengine na 7, atasema ndiyo. Nataka tusikilize hasa wanavyojieleza wanaposimama: kwa nini umeishia hapo? Aliyechunguza atasema ni lazima ajaribu mpaka 13, kwa sababu 17 mara 17 ni 289, imeshapita. Na akiijaribu 13 atakuta inaingia mara 17.